Utangamano Usiwe Kisingizio

Chukua malipo matatu ya dukani: shilingi 5000, 20000 na 100000. Yaweke kwenye orodha ndani ya JavaScript, kisha iagize lugha iipange orodha hiyo bila kuiongezea maelezo. Itakurudishia 100000, 20000, 5000. Anayetazama haraka atadhani imepanga kutoka kikubwa kwenda kidogo, naye ataendelea na kazi. Haikupanga hivyo. Imegeuza kila namba kuwa maandishi, ikalinganisha tarakimu za mwanzo, ikaona 1 inaitangulia 2 na 2 inaitangulia 5. Ongeza 30000 kwenye orodha ileile ndipo utaona: 100000, 20000, 30000, 5000. Mpangilio huo haumfai mwenye duka, haumfai mhasibu, wala haumfai mtu yeyote aliyewahi kuhesabu fedha.

Ndivyo fanksheni ya sort ilivyo tangu miaka ya tisini, na kanuni rasmi za lugha, ECMAScript, zimeishikilia tabia hiyo tangu toleo la kwanza la 1997. Uliza kwa nini haijarekebishwa, utajibiwa jambo lilelile darasani, kazini na kwenye vitabu vya mafunzo: chaguo-msingi la lugha likishatoka halibadilishwi, maana kulibadilisha ni kuharibu programu za watu. Jibu hili limerudiwa mno hata limeacha kuwa hoja, limekuwa imani. Wanaolitoa ni watu makini na nia yao ni njema. Hata hivyo wamekosea, na gharama ya kosa lao inalipwa kila siku na wanaoanza kujifunza leo, ambao 1997 wengi wao hawakuwa wamezaliwa.

Wana haki mahali pamoja, na ni vyema nipataje mapema. JavaScript hukaa kwenye kivinjari cha mtu mwingine. Ukurasa ulioandikwa 2003 na mtu aliyekwisha kuacha kazi hiyo bado unafunguliwa leo, kwa kivinjari cha leo, na hakuna wa kuuandika upya. Mwaka 2018 kamati inayosimamia lugha hiyo, TC39, ilikuwa ikiongeza fanksheni ya kukunjua orodha zilizomo ndani ya orodha, jina lake flatten. Ikagundulika kwamba maktaba ya zamani iitwayo MooTools ilikwisha kujiwekea fanksheni ya jina hilohilo, na kurasa zilizoitegemea zingeharibika. Kamati ikachukua jina flat. Hapo hakuna cha zamani kilichobadilishwa. Jina jipya peke yake lilitosha kuleta madhara. Kwa hiyo anayetaka kesho asubuhi sort ianze kupanga namba kama namba katika kurasa zote duniani hajui anachoomba, na mimi simo katika kundi lake.

Lakini kutoka hapo hadi kusema "halibadilishwi kamwe" ni mwendo mrefu, na wengi wamefika mwisho wake bila kuutembea.

Kwanza, si kweli kwamba halijabadilishwa. Hadi 2018 V8, injini inayoendesha JavaScript ndani ya Chrome na Node.js, ilikuwa na mbinu mbili za kupanga. Orodha yenye vitu 10 au pungufu ilipangwa kwa kuchomeka kitu kimoja kimoja mahali pake. Iliyozidi hapo ilipangwa kwa mbinu ya kasi ya kugawagawa orodha vipande. Tofauti yake hujitokeza pale vitu viwili vinapolingana. Panga wanafunzi kwa majina, kisha wapange upya kwa alama. Neema na Salma wote wamepata 72, nawe unatarajia Neema abaki mbele ya Salma kama alivyokuwa. Mbinu ya kuchomeka humwacha hapo. Ile ya kugawagawa haikuahidi chochote. Inaweza kumtupa nyuma. Basi mtunzi alijaribu programu yake kwa majina sita, ikampendeza, akaipeleka shuleni kwenye darasa la watoto 45, na huko majina yakavurugika bila ujumbe wowote wa kosa.

Oktoba 2018, katika Chrome 70, V8 iliziondoa mbinu zote mbili ikaweka Timsort, algoriti ambayo Tim Peters aliiandika kwa ajili ya Python mwaka 2002, na ambayo daima huwaacha wanaolingana katika mfuatano wao wa awali. Mwaka uliofuata ECMAScript ikaamuru kwamba kila injini ifanye hivyo. Tabia ya sort ikabadilika katika lugha ileile tunayoambiwa haibadiliki.

Na mabadiliko hayo yalivunja programu. Fanksheni ya kulinganisha hutakiwa irudishe namba: hasi ikiwa cha kwanza kinatangulia, chanya ikiwa kinafuata, sifuri vikilingana. Watu wengi walikuwa wakiandika kwa mkato, "a ni kikubwa kuliko b?", na kurudisha kweli au si kweli. Kweli husomwa kama 1, si kweli husomwa kama 0, na hasi haipatikani kabisa. Kwa mbinu ya kuchomeka mkato huo ulitoa jibu sahihi kwa bahati. Kwa Timsort ukaacha. Watu walilalamika, wakarekebisha, wakaendelea. Sijakutana na anayedai turudishiwe sort ya 2017.

Watetezi wa imani wana jibu kwa hili, na ndilo ninalolipinga kwa nguvu zaidi. Wanasema: hayo hayakuwa mabadiliko, kwa sababu kanuni hazikuwahi kuahidi mfuatano wa wanaolingana; aliyeutegemea alijitakia. Jibu hili linailinda kamati na kumwacha mtumiaji peke yake. Kuna kanuni inayojulikana kwa jina la Hyrum Wright, aliyeiona katika kazi yake ya uhandisi pale Google: watumiaji wakiwa wengi vya kutosha, kila tabia ya mfumo inayoweza kuonekana itakuwa na mtu anayeitegemea, iwe iliahidiwa au haikuahidiwa. Mwalimu ambaye orodha yake imevurugika hajui kilichoandikwa kwenye kanuni za ECMAScript, wala hapaswi kujua. Yeye anajua kwamba jana programu ilifanya kazi na leo haifanyi.

Swali linalostahili kuulizwa ni hili: yule ambaye programu yake imeguswa, atajuaje? Utangamano ninaoutetea ni huo, kwamba mtu asipewe jibu tofauti bila kuambiwa. Ukiupima kwa kipimo hiki utaona kuwa mabadiliko ya chaguo-msingi yanawezekana, na kwamba kuna walioyafanya vizuri.

PHP iliyafanya vizuri kuliko V8. Toleo la 8.0, la Novemba 2020, lilileta jambo lilelile: wanaolingana wabaki kwenye mfuatano wao. Nikita Popov, aliyeleta pendekezo, alikabiliwa na mkato uleule wa kweli na si kweli, na katika PHP ulikuwa umeenea mno. Angeweza kusema kwamba hati rasmi zinadai namba na aliyeandika vingine ajirekebishe. Badala yake aliweka utaratibu ambao kila mbunifu wa lugha angeusoma kwa makini. Fanksheni ya kulinganisha ikirudisha "si kweli", PHP haikubali moja kwa moja kuwa vitu viwili vinalingana. Inaiita fanksheni hiyo mara ya pili, ikiwa imegeuza nafasi za vitu hivyo. Ikijibiwa "kweli" inaelewa kwamba cha kwanza ni kidogo, na inapanga sawasawa. Kisha inatoa onyo kwamba kurudisha kweli au si kweli kumepitwa na wakati, na kwamba namba inatakiwa.

Tazama alichokifanya. Programu ya zamani inaendelea kutoa jibu sahihi. Programu mpya inapata tabia bora. Na mwenye programu ya zamani anaambiwa, kwenye mstari wake mwenyewe wa msimbo, nini cha kurekebisha kabla mlango haujafungwa. Gharama yake ni mwito mmoja wa ziada kwa wale tu walioandika kwa mkato. Nikisikia mtu anasema utangamano na mabadiliko ya chaguo-msingi havikai nyumba moja, namuuliza kama amewahi kuisoma sort ya PHP 8.

Java nayo, katika toleo la 7 la 2011, ilihamia Timsort kwa vitu visivyo namba tupu. Algoriti mpya iliweza kutambua fanksheni ya kulinganisha inayojipinga yenyewe, na badala ya kunyamaza ikatoa kosa linalosema wazi kwamba ulinganishaji umevunja mkataba wake. Wasioweza kurekebisha mara moja waliachiwa swichi ya kurudi kwenye upangaji wa zamani. Wapo waliokasirika. Lakini waliokasirika walijua wamekasirikia nini, na programu zao zilikuwa na kasoro tangu zamani.

Hapa hutajwa Python kama kitisho. Python 2 ilikubali kupanga orodha yenye namba na maandishi pamoja, ikizitanguliza namba. Python 3, iliyotoka Desemba 2008, ilikataa kwa kosa. Na kwa kuwa kuhama kutoka 2 kwenda 3 kulichukua zaidi ya miaka kumi, hadi Python 2 ilipoachwa rasmi Januari 2020, tunaambiwa tujifunze kutogusa kitu. Funzo hilo limechukuliwa mahali pasipo pake. Kilichowatesa watu zaidi ni kutenganishwa kwa maandishi na baiti, jambo lililopenya kila kona ya programu, na ugumu wa kuandika faili moja inayoendeshwa na matoleo yote mawili. Kosa la kupanga lilikuwa miongoni mwa mambo mepesi, kwa sababu lilipiga kelele pale pale lilipotokea na kutaja aina mbili zisizolinganishika.

Anayetaka kuona mabadiliko ya upangaji yanayotisha kweli, atazame glibc 2.28 ya Agosti 2018. Maktaba hii imo ndani ya mifumo mingi ya Linux, na programu nyingi huiuliza ni neno lipi linatangulia lipi. Toleo hilo lilisasisha kanuni za mfuatano wa herufi kulingana na kiwango cha kimataifa cha ISO 14651. Kwa Kiingereza cha Marekani, kabla yake "11" ilitangulia "1-1". Baada yake "1-1" ikatangulia "11". Badiliko lenyewe lilikuwa na sababu nzuri. Tatizo ni hifadhidata. PostgreSQL huweka faharasa za maandishi zikiwa zimepangwa tayari, na hutafuta kwa kuamini kwamba mpangilio huo bado ni uleule. Mtu akihamisha seva kutoka Debian 9 kwenda Debian 10, diski ni ileile, data ni ileile, ila kanuni ya kupanga imebadilika chini ya faharasa. Unamtafuta mteja, unaambiwa hayupo, kumbe yupo. Unaweka sharti kwamba jina lisijirudie, linajirudia. Hakuna onyo lililotoka. Tangu hapo PostgreSQL imejifunza kurekodi toleo la kanuni za mfuatano na, kuanzia toleo la 15, kuonya pale hifadhidata nzima inapokuwa imejengwa kwa toleo lisilolingana na lililopo.

Katika mkasa huu, imani ya kutogusa ilimlinda nani? Mpangilio ulibadilika bila kujali itikadi ya yeyote, kwa sababu data za lugha za watu hubadilika. Kilichokosekana ni sauti. Funika kombe mwanaharamu apite ni ustaarabu mzuri ugenini, lakini kwenye hifadhidata ya hospitali au benki ni hatari.

Narudi sasa kwenye JavaScript, kwa sababu ndiko imani hii ilikofanya madhara yasiyo na udhuru. Mwaka 2023 ECMAScript iliongeza fanksheni mpya, toSorted. Hufanya kazi ya sort, ila huacha orodha ya asili kama ilivyo na kurudisha nakala iliyopangwa. Jina jipya, ambalo hakuna ukurasa wa 2003 uliolitegemea. Ilikuwa nafasi ya kuandika chaguo-msingi upya bila kumgusa mtu. Wangeweza kusema: ukiita bila fanksheni ya kulinganisha, namba zipangwe kama namba, maandishi kama maandishi, na mchanganyiko ukataliwe kwa kosa. Wangeweza hata kudai fanksheni ya kulinganisha kila mara. Hawakufanya hivyo. Ipe toSorted yale malipo ya dukani, nayo itakurudishia 100000, 20000, 30000, 5000.

Utetezi wake ni ulinganifu: sort na toSorted zifanane, mtu asichanganyikiwe. Lakini lugha yenyewe ilikwisha kuuacha ulinganifu huo mwaka 2015, ilipoingiza katika kanuni zake orodha maalumu za namba, kama Float64Array, ambazo sort yake hupanga namba kama namba bila kuambiwa. JavaScript ina chaguo-msingi mbili tayari, na jua linachomoza kama kawaida. Mwanafunzi anayekutana na hizo mbili ndiye anayechanganyikiwa. Kwa hiyo 2023 utangamano haukuwa sababu. Ulitajwa kwa mazoea, na kasoro ya miaka ya tisini ikaingizwa kwa mikono kwenye fanksheni iliyozaliwa safi. Hili linanikera kuliko yote niliyoyataja, kwa kuwa hapa hakukuwa na mtu wa zamani wa kumlinda. Walikuwapo wa kesho tu, na hao ndio waliotolewa sadaka.

Si namba peke yake. Bila maelezo, sort hulinganisha maandishi kwa namba za ndani za herufi, ambamo herufi kubwa zote hutangulia ndogo. "Zuwena" humtangulia "amina" aliyeandikwa kwa herufi ndogo. Kwa Kiswahili kuna zaidi. Neno ng'ombe lenye alama ya moja kwa moja ya kibodi litatokea kabla ya ngano, na likiandikwa kwa alama ya mkunjo ambayo programu nyingi za hati huiweka zenyewe, litatokea baada ya nguvu na ngwe. Neno moja, sehemu mbili za orodha, na anayelitafuta hajui kwa nini halioni. Zipo njia sahihi za kupanga kwa kufuata lugha ya mtu, na zimekuwamo kwa zaidi ya miaka kumi. Ila lazima uzijue na uziite kwa jina. Asiyezijua hupata chaguo-msingi, na asiyezijua ndiye ambaye chaguo-msingi limewekwa kwa ajili yake.

Kuna pingamizi moja la kiufundi ambalo sitalipuuza. Kubadilisha maana ya alama ndani ya faili ni rahisi kwa kiasi, kama Python ilivyoanza kufanya na alama ya kugawanya mwaka 2001: faili iliyoandika tamko maalumu mwanzoni ilipata maana mpya, nyingine zikabaki na ya zamani. Sort si alama. Ni fanksheni inayoning'inia kwenye orodha, na orodha husafiri kutoka faili moja hadi nyingine. Utajuaje ni maana ipi itumike?

Rust ilikutana na swali la namna hiyo 2021. Fanksheni ya into_iter ilipoitwa juu ya orodha ya ukubwa maalumu ilikuwa ikikupa marejeo ya vitu, na ikatakiwa ikupe vitu vyenyewe. Ni fanksheni, si alama, na orodha za Rust nazo husafiri. Wakafunga maana kwenye mahali mwito ulipoandikwa: kifurushi kilichojitangaza kuwa cha toleo la 2021 kinapata maana mpya, kilichojitangaza kuwa cha 2018 kinapata ya zamani, na vyote viwili hujengwa pamoja kuwa programu moja. JavaScript ni ngumu zaidi, kwa kuwa fanksheni inaweza kubebwa kama kitu chochote na kuitwa kwingine, na mengi huamuliwa wakati programu inaendeshwa. Miito hiyo ya kubebwa ibaki na tabia ya zamani. Lakini mwito ulioandikwa wazi, orodha nukta sort na mabano matupu, unaonekana ndani ya faili, na lugha imekuwa na faili zinazofuata sheria tofauti tangu 2009, ilipoleta hali ya ukali ambayo faili au fanksheni hujitangazia yenyewe. Kazi ni kubwa. Kubwa na isiyowezekana ni vitu viwili.

Tena dai la "itavunja wavuti" linapimika. Timu ya Chrome huhesabu matumizi ya vipengele vya zamani kabla ya kuamua kuviondoa. Ihesabiwe, basi, ni mara ngapi sort yenye mabano matupu huitwa juu ya orodha ya namba tupu, na katika hizo ni ngapi ambazo jibu lingekuwa tofauti. Nadhani sehemu kubwa ya miito hiyo ni kasoro ambazo wenye kurasa hawajazigundua. Mimi nadhani, hesabu ingesema. Na wakati inaendelea, kivinjari kinaweza kuandika onyo kwenye dirisha la watengenezaji kila mara jambo hilo linapotokea, bila kubadilisha jibu hata moja. Onyo hilo halivunji ukurasa wa mtu yeyote. Mbona halipo?

Flash iliondolewa kwenye vivinjari mwishoni mwa 2020 baada ya tangazo la Julai 2017. Kurasa nyingi mno zilikufa, na watu walikubali, maana walipewa zaidi ya miaka mitatu ya kujiandaa na sababu ilielezwa. Mimi siombi hata robo ya hiyo. Naomba onyo liwekwe. Naomba hesabu ichapishwe. Naomba tamko la faili lizungumzwe kwa uzito kwenye kamati, badala ya kuzimwa kwa sentensi moja. Na fanksheni nyingine ya kupanga ikiletwa, anayetaka iirithi tabia ya sort asimame aeleze ni programu gani iliyopo leo ingeharibika ikiwa haikuirithi.